Maswali Yenu: "Ajali Haina Kinga", Hata Pangoni?

Barua juu ya wazamiaji wanaofia mapangoni zimekuwa nyingi, na nyingine zina hasira. Tumechagua sita. Mengine yaliyoulizwa yamo ndani ya majibu haya haya.

Ninafanya kazi Nungwi, nina cheti cha kuongoza wazamiaji, na nimeshuka baharini zaidi ya mara 600. Mgeni mmoja aliniambia kwamba kwa mambo ya pango mimi ni mtoto wa darasa la kwanza. Ni maringo yake tu? (Haji, Nungwi)

Ana hoja. Kwenye milango ya mapango kadhaa ya chemchemi za Florida, Marekani, kuna mabango yenye picha ya mauti: mifupa iliyovaa joho, fyekeo mkononi. Maandishi yake yanasema zaidi ya wazamiaji 300, wakiwemo walimu wa uzamiaji wa bahari wazi, wamefia katika mapango ya namna hiyo. Hao walimu hawakutajwa bure. Asiyejua kitu huliogopa giza akageuka. Aliyeshuka mara 600 ndiye anayesema "nachungulia kidogo tu".

Bahari wazi ina jibu moja la akiba kwa kila shida, nalo ni kupanda juu. Ukiwa mita 18, kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, baada ya dakika 2 umeshika ngazi ya boti. Pangoni juu yako ni mwamba, na hewa iko kule ulikoingilia, pengine mita 300 nyuma. Hitilafu ambayo Nungwi ingekuharibia asubuhi tu, huko inabidi uimalize palepale, bila kupanda hata shibiri.

Anza na miguu. Teke la juu na chini, lile tunalofundishwa wote siku ya kwanza, husukuma maji kwenye sakafu ya pango, na sakafu hiyo mara nyingi ni udongo laini kama unga wa muhogo uliochekechwa. Mateke matatu yanatosha. Maji yaliyokuwa yakikuonyesha ukuta ulio mita 30 mbele yanageuka chai ya maziwa, na tochi inakurudishia mwanga machoni. Udongo huo hautulii kwa dakika. Huchukua saa, wakati mwingine siku. Mapovu yako nayo hubandua vumbi darini. Ndiyo maana wa mapangoni hupiga teke la chura, magoti yamekunjwa na mapezi ya miguuni yakiwa juu kuliko kiwiliwili, na penye mkondo hujivuta kwa vidole kwenye mawe.

Tope likishakufunika, kitakachokutoa ni kamba. Ni uzi mwembamba wa nailoni, na fundo lake la kwanza hufungwa nje, mahali ambapo ukitazama juu unaona anga. La pili hufungwa ndani kidogo tu ya mlango, ili la kwanza likifunguka, au likifunguliwa na mtu, hili libaki. Kisha uzi hupitishwa kwenye mawe kila kona na kukazwa, maana uzi uliolegea hunasa mapezi na vali za mitungi. Njiani huvalishwa mishale ya plastiki ambayo ncha yake inaelekea mlango ulio karibu. Umbo la pembetatu si pambo: unausoma kwa kidole gumba taa zikizimika. Wanaotoka gizani huuzungushia uzi pete ya kidole gumba na cha shahada bila kuuvuta, na aliye nyuma humshika wa mbele mkono au mguu. Akitaka waende, husukuma. Akitaka wasimame, hubana.

Mmarekani Sheck Exley alizikusanya taarifa za vifo, akazichambua kimoja kimoja, na mwaka 1979 akachapisha kijitabu. Sababu zilikuwa zilezile zikijirudia: hapakuwa na kamba mfululizo hadi nje, hewa ya kurudia haikuwekwa, au kina kilizidi. Baadaye orodha iliongezwa mafunzo, na taa, ambazo kila mtu hubeba tatu. Exley mwenyewe alifariki mwaka 1994 katika shimo la Zacatón, Mexico, akitafuta kupita mita 300. Kanuni ya kina haikumjua mwandishi wake.

Mafunzo huenda kwa ngazi. Kwanza eneo la mlangoni, ambako mwanga wa jua bado unaonekana na safari nzima kutoka uso wa maji, kina na umbali vikijumlishwa, haizidi mita 60. Baada ya hapo ndipo pango lenyewe. Mgeni wako alikosea jambo moja, Haji. Wa darasa la kwanza hana mazoea ya kufuta, wewe unayo, na kuyafuta ni kazi ngumu zaidi.

Redio husema "mtungi wa oksijeni ulimwishia". Mwanangu anayejifunza kuzamia anadai mtungini hamna oksijeni. Nani mkweli? (Bi Rehema, Tanga)

Mwanao. Mtungi wa kawaida hujazwa hewa hii hii tunayovuta, yenye oksijeni asilimia 21, au mchanganyiko ulioongezwa hadi asilimia 32 hivi. Oksijeni tupu ni sumu ukiivuta chini ya mita 6: huleta degedege, regyuleta (kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa) inaponyoka, na mtu anakunywa maji akiwa na mtungi uliojaa. Wanaozamia kwa kina kirefu hubeba mtungi mdogo wa oksijeni kwa ajili tu ya kituo cha mwisho cha kusubiri gesi itoke mwilini wakati wa kupanda, hapo mita 6, na ubavuni huandikwa tarakimu kubwa ya kina kinachoruhusiwa. Kuna waliokufa kwa kuchukua mtungi huo kimakosa wakiwa chini sana. Haubadiliki ladha wala harufu. Kwa hiyo mtangazaji akisema "oksijeni iliisha", huenda ameficha kifo kilicholetwa na oksijeni yenyewe.

Na kwa wanaojaza mitungi huku pwani: bomba la kompresa la kuvutia hewa lisikae upande ambao upepo unapeleka moshi wa jenereta. Sumu ya moshi huo haina harufu, na madhara yake huongezeka kadiri mtu anavyoshuka.

Nasikia wazamiaji wa mapangoni hugawa hewa kwa tatu. Naomba hesabu kamili niwape wanafunzi wangu. (Mwalimu wa hisabati, Morogoro)

Mwalimu, waandikishe hivi. Theluthi moja ya kuingilia, theluthi moja ya kutokea, theluthi moja ya mwenzako aliyeharibikiwa.

Mzamiaji ana mitungi miwili iliyounganishwa, kila mmoja lita 12, imejazwa bari 200 (bari ni kipimo cha presha). Jumla ni lita 4,800. Kwa kuwa 200 haigawanyiki kwa 3, hushuka hadi kumi kamili inayogawanyika, 180, na theluthi inakuwa bari 60. Geji ya presha ikisoma 140 anageuka, hata kama mbele kuna chumba kizuri namna gani. Wa kwanza kufika kikomo chake ndiye anayegeuza kundi zima, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Akiwa juu ya maji anatumia lita 20 kwa dakika. Mita 30 chini presha ni mara 4 ya ile ya juu, hivyo anatumia lita 80. Bari 60 za mitungi ya lita 24 ni lita 1,440, sawa na dakika 18 za kuingia. Anapogeuka amebakiwa na lita 3,360.

Sasa mharibie mambo palepale, penye umbali mkubwa kuliko wote. Hewa yote ya mwenzake imevuja. Wote wawili wanavuta kwenye mitungi yake, lita 160 kwa dakika. Kwa dakika 18 watatumia 2,880 na watatoka na akiba ya lita 480. Wanafunzi wako watashangilia. Usiwaache hapo. Mtu aliyekosa hewa gizani havuti lita 20. Mpe 40, ambayo ni makadirio ya huruma. Mwokoaji abaki mtulivu na 20 zake. Jumla 60, mara presha 4, lita 240 kwa dakika. Gawa 3,360 kwa 240: dakika 14. Njia ni dakika 18. Wakihofu wote wawili ni dakika 10 na nusu. Na hapo hatujaweka tope, ambalo linawafanya watambae kwenye kamba kwa nusu ya mwendo wa kawaida.

Ndiyo maana wenye busara huichukulia theluthi kuwa kikomo cha juu cha kuingilia na si haki yao. Kanuni hii ilikulia katika chemchemi za Florida, ambako maji hutoka nje na kumsukuma mtu nyumbani. Penye maji yaliyosimama huingilia hewa kidogo zaidi, na penye maji yanayoingia ndani ya mwamba huigawa hewa kwa sita badala ya tatu, au huahirisha. Muulize pia mwanafunzi mmoja kwa nini bomba la regyuleta ya kumpa mwenzako lina urefu wa mita 2 na zaidi. Jibu: mahali pembamba watu wawili hawapiti bega kwa bega.

Wakifa hawa wazamiaji, mitandaoni kuna wanaosema "wamejitakia" na kuna wanaosema "ajali haina kinga, siku yao ilifika". Kisha anakufa mwingine akifuata maiti. Ninyi mnasimama wapi? (Wanjiru, Nakuru)

Msibani tunasimama na wa pili, maana mfiwa hahitaji mhadhara. Nje ya msiba hatukubaliani na yeyote kati yao. Kauli zote mbili hufunga faili kabla halijafunguliwa, na ajali ya pangoni ni miongoni mwa ajali chache ambazo faili lake lina mengi ya kusomwa.

Tazama wanavyofanya wanaoujua uopoaji. Wa kwanza kuufikia mwili hauhamishi. Anaupiga picha, kisha anaandika kwenye kibao chake: geji inasoma ngapi, vali ipi wazi na ipi imefungwa, regyuleta iko mdomoni au la, tochi ngapi zinawaka, kamba iko umbali gani na mkono wake, mtungi una maandishi gani. Geji ikiwa sifuri na vali zote wazi, alivuta hadi tone la mwisho. Vali ikiwa imefungwa na mtungi umejaa, huenda aligonga darini ikajizungusha, au alifunga isiyo yenyewe akijaribu kuzima uvujaji. Kompyuta ya kuzamia aliyoivaa mkononi huonyesha mstari wa kina dakika kwa dakika. Mstari ukipanda na kushuka ovyo kwa dakika 10 mahali pamoja, alikuwa akiitafuta kamba. Hayo yakishajulikana, anayefuata anajua afanye mazoezi ya nini. Neno "mjinga" halimfundishi kitu, na "shujaa" vilevile.

Juu ya anayefuata maiti, kisa cha kukisoma ni cha pango la Boesmansgat, Afrika Kusini. Kijana Deon Dreyer alifia humo Desemba 1994. Oktoba 2004 mzamiaji Dave Shaw, rubani kutoka Australia, alifika mita 270 akauona mwili. Tarehe 8 Januari 2005 alirudi na mfuko wa kuutilia. Uliotarajiwa kuwa umeganda topeni ulianza kuelea alipougusa. Mikono ikawa na kazi mbili, tochi akaiweka pembeni, ikanasana na kamba. Kwa kina hicho presha ni mara 28, na hata mchanganyiko wenye heli, gesi nyepesi, huwa mzito kifuani. Ukijitahidi kidogo tu, hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, inajaa mwilini kuliko unavyoweza kuitoa. Pumzi zinaongezeka, hazisafishi, na mtu anazimia bila kumaliza hewa. Kamera ya kichwani ilirekodi yote. Siku chache baadaye kamba ilipovutwa, miili yote miwili, wa Dreyer na wa Shaw, ilipanda pamoja.

Linganisha na pango la Plura, Norway, Februari 2014, walikofia wazamiaji wawili wa Kifini kwa kina cha zaidi ya mita 100. Wataalamu walioitwa waliona hatari imezidi, polisi wakasitisha uopoaji. Mwezi uliofuata rafiki zao walirudi bila ruhusa, wakawatoa, na hawakushtakiwa. Walifaulu kwa sababu walilijua pango, waligawana kazi kwa siku kadhaa, na kila mmoja alikuwa na kazi fupi. Tusingemlaumu mkuu wa polisi hata kidogo. Maiti haina haraka, na ofisa anayesema "hapana" hupigwa mawe na umma ilhali ndiye aliyezuia jeneza la tatu.

Hapo Likoni, Mombasa, tunapakumbuka vizuri. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kivukoni, mama na mtoto wake ndani, na likaopolewa tarehe 11 Oktoba. Siku zote hizo wazamiaji waliitwa wavivu. Gari lilikuwa mita 58. Uzamiaji wa starehe huishia mita 40. Kwa mita 58 presha inakaribia mara 7: mtungi wa lita 12 uliojaa, kwa mtu aliyetulia, unakwisha kabisa kwa dakika 17 au 18, na anayefanya kazi hatulii. Naitrojeni ya hewa ya kawaida humlevya kama aliyekunywa, na hesabu ndogo ya geji inamshinda. Mkondo wa mlango wa bahari hautoi nafasi isipokuwa maji yanapotulia kati ya kujaa na kupwa. Kila dakika ya chini hulipiwa kwa vituo vya kusubiri wakati wa kupanda. Kuna mengi ya kuuliza kuhusu usalama wa kivuko. Kwamba watu hawakushuka siku ya kwanza si mojawapo.

Baada ya MV Nyerere kupinduka, fundi wa mitambo alikutwa hai siku mbili baadaye ndani ya chombo. Kwa nini waliokwama mapangoni wasitafute mfuko wa hewa wasubiri? (Msomaji, Ukerewe)

Wapo waliofanya hivyo. Aprili 2017, kisiwani Mallorca, Hispania, mzamiaji Xisco Gràcia na mwenzake walipoteza kamba topeni, na hewa iliyobaki ilitosha mmoja kutoka. Mwenzake akaenda kuita watu, Gràcia akabaki katika chumba chenye hewa kwa saa 60 hivi akinywa maji matamu yaliyoelea juu. Hewa ya ukaa humo ilifika karibu asilimia 5, huku nje ikiwa chini ya asilimia 0.1. Kichwa kilimuuma na akaanza kuona mambo yasiyokuwepo.

Hiyo ndiyo hatari yake. Watu huhofia oksijeni kwisha, kumbe ukaa hutangulia. Chukua mfuko wa hewa wa mita za ujazo 6, yaani lita 6,000. Mtu aliyelala bila kusogea hutoa lita 18 hivi za hewa ya ukaa kwa saa. Asilimia 5 ni lita 300. Atazifikia baada ya saa 17 hivi, na hapo oksijeni bado iko karibu asilimia 15. Watu wawili, gawa kwa mbili. Chumba cha Gràcia kilikuwa kikubwa mno. Mifuko mingi ya pangoni haitoshi hata kichwa, na mingine ina gesi mbovu tangu mwanzo. Mwenye mtungi huvuta kidogo kabla ya kuutegemea, regyuleta ikiwa karibu na mdomo.

Pango la Tham Luang, Thailand, 2018, ni habari nyingine kwa sababu wale vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia kwa miguu, mvua ikawafungia. Oksijeni ya chumba chao ilishuka hadi asilimia 15. Wengi bado wanaamini walifundishwa kuzamia. Hawakufundishwa. Daktari wa usingizi, Richard Harris, aliwalaza kwa ketamini, wakavalishwa barakoa za uso mzima na kubebwa kama mizigo, kwani mtoto mwenye hofu angemwua na mbebaji. Saman Kunan, askari mstaafu wa wanamaji, alikuwa amekwishafariki tarehe 6 Julai akirejea kutoka kupeleka mitungi.

Tunakwenda bonde la Wadi Shab, hapa Oman, na watoto kila mwaka, na mwishoni tunaogelea kupita ule ufa wa mwamba hadi pangoni. Sisi hatuzamii. Yanatuhusu haya? (Umm Said, Maskati)

Yanawahusu kwa mambo mawili. Kwanza, ule ufa ni mwembamba, kichwa tu hupita juu ya maji, na wa kutokea hupishana na wa kuingia. Mtoto asiyeweza kuelea dakika 10 bila kugusa kitu avae jaketi la kuelea, na mtu mzima mmoja atangulie, mwingine amalizie nyuma. Vijana wasishindane kupita chini ya mwamba kwa kubana pumzi, na hasa wasivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama. Hazimwongezei mtu oksijeni ya maana, bali humwondolea hewa ya ukaa inayomwambia "rudi juu", na anazimia bila kuhisi dalili. Vivyo hivyo kwa wanaooga katika mapango ya Jambiani na Paje, Unguja.

Pili, mvua. Mkiona wingu milimani, hata kama jua linawachoma hapo mlipo, msiingie kwenye ufa, maana maji ya huko hushuka bondeni. Mkiwa tayari ndani na maji yaliyokuwa maangavu yakaanza kuwa na rangi ya udongo, tokeni saa ileile na mpande kando. Viatu na simu viacheni.